Jinsi Ninavyojitengenezea Vifaa vya Gari Nyumbani: Trei ya Betri ya Pili

Gari ukishaanza kulibadilisha, utafika mahali ambapo kifaa unachokitaka hakiuzwi. Mimi nilifika hapo nilipoweka friji kwenye Hilux yangu. Friji inanguruma usiku kucha kambini, na asubuhi injini inahitaji umeme wa kuwakia. Suluhisho ni betri ya pili, na betri ya pili inahitaji pa kukaa. Chini ya boneti la gari langu palikuwa na nafasi, ila trei ya kuibeba haikuwepo dukani. Nikaitengeneza nyuma ya nyumba, na leo nakueleza hatua zake, maana ndizo ninazofuata kwa kila kifaa.

Kwanza amua nini usikiguse

Kabla ya kununua hata kipande cha chuma, jiulize: hiki kikivunjika njiani nitapata hasara gani? Trei, kishikilia taa, kinga ya chini ya injini, keria ndogo ya ndani: hivi mtu mwangalifu anaweza kuvitengeneza nyumbani. Mkono wa usukani, sehemu yoyote ya breki, kishikio cha mkanda wa usalama: hivyo usivichomelee kamwe. Uhai wa abiria na wa mpita njia uko hapo, na mchomeleo hauonyeshi udhaifu wake kwa macho.

Kipimo na kadibodi

Betri nyingi za Kijapani zina maandishi yanayokusaidia. Yangu imeandikwa 95D31R. Tarakimu 31 ni urefu kwa sentimita, na herufi D inaonyesha upana wa milimita 173. Ndiyo ile tunayoiita N70, yenye uzito wa kilo 17 hadi 20. Uzito huo unatulia gari likisimama, lakini kwenye barabara ya vumbi yenye matuta unagonga trei mara nyingi kwa dakika. Ndiyo maana siku hizi napima kwa makini kuliko ninavyochomelea.

Kata kadibodi ya boksi gumu, ikunje, ibandike kwa gundi ya karatasi, kisha iweke ndani ya gari. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya karatasi, nasi tusikate bati kabla ya kadibodi. Weka boksi lenye vipimo vya betri juu ya hiyo trei ya kadibodi, bandika donge la udongo laini juu yake, funga boneti taratibu, kisha fungua na upime udongo ulivyobonyea. Hapo utajua nafasi halisi iliyobaki juu.

Mwombe mtu awashe injini, na wewe utazame bila kuingiza mkono. Injini inakaa juu ya raba na inacheza inapowaka na inapozimwa. Acha walau sentimita 2 kati ya kifaa chako na chochote kinachozunguka, kinachotikisika au kinachopata moto.

Kuchagua chuma

Kwa trei natumia bati la chuma la kawaida lenye unene wa milimita 3, na miguu ya chuma chenye umbo la L cha milimita 30 kwa 30. Mita moja ya mraba ya bati hilo ina uzito wa kilo 23.5 hivi, kwa hiyo trei nzima bila miguu haifiki kilo 2. Bati nene zaidi litakuongezea mzigo tu.

Chuma chakavu kinafaa kama hakijaliwa na kutu. Jihadhari na kilichopakwa zinki, kile cheupe chenye kung'aa. Zinki ikiungua inatoa moshi unaoleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Isage mpaka chuma kitupu kionekane, na uchomelee mahali penye hewa.

Kukata, kukunja, kutoboa

Laza kadibodi juu ya bati, chora kwa chaki au msumari wenye ncha, kisha kata kwa grenda yenye kisahani cha milimita 1. Usitoe kinga ya grenda, vaa miwani, na simama nje ya mstari wa kisahani.

Bati la milimita 3 halikunjiki vizuri kwa nyundo peke yake. Kwenye mstari wa mkunjo, upande wa ndani, chimba mfereji kwa grenda unaozidi kidogo nusu ya unene. Bana bati kwenye jiliwa, likunje, kisha jaza mfereji kwa kuchomelea. Kama huna jiliwa, mafundi chuma wa Gerezani, Dar es Salaam, watakukunjia bati ulilokwisha kulipima.

Kila tundu lianze kwa alama ya msumari mgumu na nyundo ili drili isiteleze. Toboa kwanza kwa milimita 3, halafu milimita 9 kwa bolti ya M8. Tumia mwendo mdogo na tone la oili. Matundu ya miguu yafanye marefu kidogo, upate nafasi ya kusogeza trei wakati wa kufunga. Usisahau tundu la kutoa maji katikati.

Kuchomelea

Chomelea mezani, nje ya gari. Ikiwa lazima upate pembe halisi ndani ya gari, weka alama kwa kalamu ya rangi kisha utoe. Anayelazimika kuchomelea kwenye gari lenyewe atoe betri kabisa. Umeme wa mashine unaweza kuua oltaneta na kompyuta ya gari, na gesi ya betri inalipuka kwa cheche moja.

Natumia vijiti aina ya 6013 vya milimita 2.5, kwa ampia 70 hadi 90. Shikiza kwanza pembe zote kwa matone madogo, pima tena kwa skwea, halafu chomelea vipande vifupi ukiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, ili joto lisipinde bati. Gonga magamba, piga brashi ya waya, na utazame kila mshono. Penye matundu au pasiposhika, saga na urudie.

Kufunga

Jaribisha trei ndani ya gari kabla ya rangi. Ikikaa sawa, lainisha kingo zote kwa tupa, paka praima na rangi mbili, hasa kama unaishi pwani ambako chumvi haichelewi kula chuma. Tumia bolti zenye alama 8.8, washa pana, na nati zenye pete ya plastiki zisilegee. Tandika raba chini ya betri, bana juu kwa kibano kilichofunikwa kisiguse terminali, na weka fyuzi karibu kabisa na chanya ya kila betri.

Baada ya safari ya kwanza kwenye barabara mbovu, fungua boneti, kaza bolti zote na utafute ufa kwenye mishono. Rudia ukaguzi huo kila unapobadilisha oili.

Ndugu yangu, mashine ya kuchomelea ikikutisha, usikate tamaa. Pima, kata kadibodi, toboa, kisha mpelekee fundi unayemwamini achomelee tu. Kifaa kitakuwa chako, kwa sababu kilichokifanya kifae ni vipimo vyako. Anza na kitu kidogo, na usikiingize barabarani mpaka uwe tayari kumpakia mwanao kwenye gari hilo.