Wale Wawili Ndani ya Mtumbwi



Desemba hii tuliomaliza kidato cha nne pamoja tunakutana Bagamoyo, na kundi letu la WhatsApp halilali. Fulana za rangi gani, pilau au wali wa nazi, nani hajatoa mchango. Wiki jana katibu akaomba tuorodheshe darasa zima. Tukapata majina 40, yakiwemo ya marehemu wawili. Tulikuwa 41. Mmoja akaandika, “Jamani, mmemsahau Bwana Ndara!” Vicheko vikamiminika. Jina lake halisi? Kimya.

Alikuwa anakuja darasani na ndara kwa sababu viatu hakuwa navyo. Jina hilo nilimpa mimi, mstarini, mbele ya wote, na likamganda miaka minne.

Basi leo tusome Yohane 21. Soma taratibu, usiruke aya ya pili. Wanafunzi saba wamekutana tena ufukweni baada ya mambo yote yaliyotokea. Petro yupo, Tomaso, Natanaeli, wana wa Zebedayo, na wengine wawili. Basi, “wengine wawili.” Samaki wamehesabiwa mpaka 153, lakini hao wawili hawana jina! Hata hivyo walikesha baharini na wenzao, na asubuhi wakala mkate uleule. Yesu alishawasha moto na samaki alikuwa juu yake kabla nyavu hazijafika nchi kavu. Hakuna aliyeulizwa kama amelipa. (Kamati yetu mnanisikia?)

Sasa tazama ule moto. Ni wa makaa. Petro alimkana Bwana akiwa anaota moto wa makaa, Yohane 18:18. Kumbe kukutana tena kunaweza kukurudisha palepale ulipoumiza mtu. Na Yesu anapoanza kumhoji, hamwiti Petro, jina alilompa mwenyewe. Anamwita Simoni wa Yohane, jina la nyumbani kwao, na baba yake akitajwa.

Sisi wa Bagamoyo tungepaswa kulielewa hili upesi. Misheni yetu ilianzishwa mwaka 1868 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, na wengi wa Wakristo wake wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa utumwani, watu waliokuwa wakihesabiwa na kuuzwa kama bidhaa. Mpaka leo mtoto akiletwa kubatizwa, jambo la kwanza padre analowauliza wazazi ni jina lake.

Jioni hii chukua daftari, chora darasa lenu: ubao, mlango, madirisha, kila dawati. Jaza majina. Kila jina, Salamu Maria moja. Ukifika kwenye dawati ambalo unakumbuka jina la utani tu, usiruke. Kaa hapo. Ulimcheka kwa nini? Nani atajua alipo? Na kama ni ada ya mkutano inayomzuia, unaweza kumlipia bila kumtangaza?

Mimi nilimpigia mwalimu wetu wa darasa, sasa mstaafu. Hakufikiria hata sekunde mbili, akataja majina yote matatu, na kijiji alikotoka. Kupitia kwake nimepata namba. Kwenye kundi bado sijaandika kitu. Nimeshapiga mara moja, ikaita, haikupokelewa. Kesho baada ya Misa ya kwanza nitapiga tena.