Ukishatia Sahihi, Mkataba Umekufunga



Mara nyingi hufika vituoni mwetu mnunuzi aliyelipa fedha za mahindi, akitaka muuzaji akamatwe kwa kutoleta mzigo. Muuzaji naye hujitetea: "Nilitia sahihi bila kusoma."

Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 huyatambua mapatano ya hiari, baina ya watu wenye uwezo kisheria, kwa malipo na lengo halali. Yakizidi thamani ya shilingi 500,000, sharti yaandikwe. Tangu hapo kila upande hulazimika kutimiza ahadi yake. Kupanda kwa bei sokoni si udhuru. Mvunjaji aweza kuamriwa na mahakama alipe fidia. Aliyetia sahihi kwa vitisho au hila aweza kuukataa mkataba.

Kuvunja mkataba pekee ni shauri la madai, si jinai. Kwa hiyo hatumkamati mtu kwa deni. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yana utaratibu mwepesi mahakamani. Sisi huingia penye ulaghai, kama kuuza mzigo usiokuwapo.

Asiyejua kusoma asomewe na kufafanuliwa kabla ya kutia dole gumba. Kila upande ubaki na nakala: mali bila daftari hupotea bila habari.