SOMO LETU: NGITILI ZA USUKUMANI

Leo tutazungumza juu ya utafiti. Neno hili tunalisikia redioni na mikutanoni. Lakini utafiti ni nini hasa? Utafiti ni kutafuta ukweli wa jambo kwa utaratibu: kuuliza, kupima, kuhesabu na kulinganisha. Upo utafiti wa udongo na mbegu. Upo pia utafiti wa maisha ya watu: nani analima wapi, nani anaamua, nani anafaidika. Huu wa pili ndio somo letu. Mfano wetu unatoka Shinyanga.

Ardhi ilichakaaje?

Zamani sehemu kubwa ya Usukuma ilikuwa na miti mingi, hasa migunga. Kuanzia miaka ya 1920 wakoloni walifyeka mapori ili kuwamaliza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yaliongezeka. Ng'ombe waliongezeka, na watu nao wakaongezeka. Mwaka 1974 na 1975 watu walihamishiwa vijijini, na wengi wakaacha nyuma malisho waliyokuwa wakiyatunza.

Basi nchi ikabaki wazi. Mvua ilinyesha na kuondoka na udongo. Akina mama walitembea mbali kutafuta kuni. Walipokosa, walipikia mabua ya pamba au samadi kavu. Samadi iliyotakiwa shambani ikaishia jikoni! Watu wakaanza kuiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Wataalamu waliuliza, wazee walijibu

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu na kupanda miche. Kazi hiyo ni nzito pakavu, maana mche unataka maji, na mbuzi hana huruma nao. Baadaye wataalamu walikaa na wanavijiji na kuwauliza: wazee wenu walitunzaje malisho? Jibu lilikuwa neno moja: ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa kwa muda. Hufungwa mvua zinapoanza. Hakuna mnyama anayeingia, na nyasi hukua. Kiangazi kinapokuwa kikali, hufunguliwa ili ndama, maksai na ng'ombe dhaifu wapate chakula. Na miti je? Mizizi na visiki vya zamani vilikuwa bado hai ardhini. Vilipopumzishwa vilichipua vyenyewe, bila kitalu wala ndoo ya maji.

Ziko ngitili za mtu au familia, na ziko za kijiji kizima. Sheria zake zilitungwa na wanavijiji wenyewe katika dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma. Aliyevunja alitozwa faini, na sungusungu walisaidia kusimamia.

Hesabu inasema nini?

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufika mwaka 2003 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. (Mwaka 2012 sehemu ya mkoa huo iliingia katika mikoa mipya ya Simiyu na Geita.) Mradi wa HASHI ulimalizika mwaka 2004.

Watafiti walipiga hesabu ya mapato ya ngitili: kuni, nguzo, malisho, nyasi za kuezekea, asali, dawa na matunda. Walipata thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Wakati huo matumizi ya mtu wa kijijini kwa mwezi yalikuwa wastani wa dola 8 na nusu. Tuelewe vizuri: hizo si fedha taslimu mfukoni. Ni thamani ya vitu ambavyo mtu angelazimika kununua au kuvifuata mbali.

Nani anafaidika?

Hapa ndipo utafiti wa maisha ya watu unapotusaidia. Ukipima miti tu, utasema kazi imekwisha vizuri. Ukiuliza nyumba kwa nyumba, utaona jambo jingine. Wenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndio wenye ngitili kubwa. Asiye na ardhi hutegemea ngitili ya kijiji. Ikigawanywa kwa watu binafsi, yeye atachanja kuni wapi? Tena pori likirudi, wanyama nao hurudi. Fisi akila mbuzi wa mjane, hasara ni ya nani?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatupa nguvu. Halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakubali. Na mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo.

Sasa sisi tuliojifunza kusoma tunayo kazi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mipaka ya malisho ya kijiji iandikwe. Sheria ndogo ziandikwe, na muhtasari wa mkutano usomwe mbele ya wote. Akija mtafiti, tumpokee na kumjibu kweli. Lakini na sisi tumuulize: unatafuta nini? Umewauliza wanawake na wasio na ng'ombe? Utaturudishia majibu lini? Kuuliza si ujinga.

Maneno ya kukumbuka
Hekta: eneo la karibu eka mbili na nusu.
Wastani: jumla iliyogawanywa sawa kwa wote.
Muhtasari: maandishi mafupi ya yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini miti ya Shinyanga iliota tena bila kupandwa?
2. Je, kijiji chenu kina malisho ya wote? Mipaka yake imeandikwa wapi?
3. Malisho hayo yakigawanywa, nani atapata na nani atakosa?