SOMO LA SHIMI: UDONGO NDANI YA PLASTIKI YA MUHOGO



Leo tunajibu ulizo ambalo kalasi ya sita ilituletea. Walipika wanga wa muhogo, wakatengeneza nao karatasi nyembamba ya plastiki, ile yenye kuoza. Walikuwa wamesikia kwamba udongo unatia plastiki hiyo nguvu. Basi wakakamata pemba, ule udongo mweupe wa sokoni, wakatia kijiko kizima kikavu ndani ya uji wa moto. Ilipokauka, karatasi ilijaa madonge meupe, ikavunjika sawa vile biskuti. Wakauliza: «Juu gani udongo umeharibu kazi, na vitabu vinasema unaisaidia?»

Ni ulizo zuri. Jibu ni hili: nguvu haitoki katika wingi wa udongo, inatoka katika namna udongo unavyokaa ndani.

1. Juu gani tunatafuta plastiki ya kuoza

Sote tunaona masashe katika mifereji. Kule Bukavu, takataka za plastiki zinatoka Ziwa Kivu, zinaingia mtoni Ruzizi na kusumbua mitambo ya umeme. Serikali ilikataza masashe kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017. Lakini katazo peke yake halimpi mama wa soko kitu cha kufungia chumvi. Lazima kitu kingine kipatikane.

2. Wanga peke yake

Ndani ya wanga mna minyororo mirefu ya sukari, ya aina mbili: amilozi, isiyo na matawi mengi, na amilopektini, yenye matawi mengi. Tukipasha wanga moto ndani ya maji, kati ya digri 60 na 70 hivi chembe zinavimba na kupasuka, na minyororo inaachana. Ikikauka inashikana tena kwa nguvu, na karatasi inapasuka. Kwa hiyo tunatia gliserini: inaingia kati ya minyororo, nayo inaweza kuteleza. Sasa karatasi inajikunja vizuri, lakini imekuwa dhaifu, na tena inapenda maji sana. Ni hapa udongo unaitwa.

3. Udongo ni sawa na kitabu

Udongo unaofaa hapa unaitwa montmoriloniti, kwa jina la mji wa Montmorillon katika Ufaransa. Ulipewa jina hilo mwaka 1847. Umefanyika kwa kurasa. Ukurasa mmoja una unene wa nanometri 1 hivi, ni kusema sehemu moja ya milioni ya milimetre, lakini upana wake ni mara mia au zaidi. Kurasa zina chaji hasi, na kati yake mna ioni za sodiamu au kalsiamu. Maji yanapenda ioni hizo, yanaingia, na kitabu kinavimba.

Pemba ni kaolini. Nayo ina kurasa, lakini zimeshikana kwa haidrojeni, ukurasa kwa ukurasa. Maji hayaingii. Ni kitabu kilichofungwa kwa gundi. Basi kosa la kwanza ni hilo: wandugu zetu walichagua kitabu kisichofunguka.

4. Namna tatu za kukaa

a) Kurasa zinabaki zimeshikana kama donge. Wanga unazunguka donge tu. Mahali pa donge ndipo karatasi inaanza kupasuka.
b) Minyororo ya wanga na gliserini inaingia kati ya kurasa. Zinaachana kidogo, lakini bado zimepangwa.
c) Kurasa zinatawanyika kabisa, kila mmoja peke yake ndani ya wanga. Hii ndiyo tunatafuta, lakini ni ngumu kuipata. Mara nyingi tunapata (b) na (c) pamoja.

5. Hesabu ya mabenchi

Fikiri kalasi yenye mabenchi 20. Ukiyapanga yote katika kona, mtu anapita moja kwa moja mpaka mlangoni. Ukiyatawanya, lazima azunguke kila moja. Mabenchi ni yale yale! Hivyo mvuke wa maji na hewa zinavyopita ndani ya karatasi yetu.

Mwaka 1967 Nielsen alitoa hesabu hii: urefu wa njia unazidi mara 1 + (L/2W) × V. L ni upana wa ukurasa, W ni unene wake, V ni sehemu ya udongo katika ujazo wote. Tukamate udongo 2 kwa mia. Kama kurasa zimetawanyika na L/W ni 100, tunapata 1 + 50 × 0,02 = 2: njia imekuwa mara mbili. Kama zimeshikana katika madonge na L/W ni 5 tu, tunapata 1 + 2,5 × 0,02 = 1,05. Udongo ni ule ule, lakini faida ni karibu bure.

6. Namna ya kuona kisichoonekana

Tunatumia miali X. Bragg baba na mwana, wa Uingereza, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1915, walitufundisha: nλ = 2d sin θ. Hapo d ni nafasi toka ukurasa mpaka mwingine. Kwa miali ya shaba, λ ni nanometri 0,154. Udongo wenye d = 1,2 unatoa alama kwenye 2θ = digri 7,4. Wanga na gliserini zikiingia na d ikafika 1,8, alama inashuka mpaka digri 4,9. Alama ikipotea kabisa, pengine kurasa zimetawanyika; lakini pengine udongo ni kidogo mno. Kwa hiyo wenye siansi wanahakikisha kwa darubini ya elektroni.

7. Tufanye tena

Kamata wanga gramu 5, maji mililitre 100, gliserini gramu 1,5, na bentoniti ya sodiamu (ndiyo yenye montmoriloniti) paka gramu 0,15. Loweka bentoniti usiku kucha katika sehemu ya maji hayo, koroga sana, ndipo uchanganye na wanga. Pasha polepole ukikoroga mpaka uji ung'ae, mimina juu ya kioo, acha siku mbili. Tengeneza na karatasi nyingine isiyo na udongo, mupate kulinganisha.

Tusidanganyane: karatasi hii itakuwa ngumu zaidi lakini itavutika kidogo tu, na maji bado yatailainisha. Inaweza kubeba njugu, haiwezi kubeba samaki mbichi. Ikitupwa shambani, vijidudu vinakula wanga, na udongo unarudi kwa udongo.

MAULIZO
1. Hesabu njia kama L/W ni 200 na V ni 0,02.
2. Juu gani tunaloweka udongo mbele ya kupika?
3. Alama ya miali X isiposogea hata kidogo, tunajifunza nini?

Katika Kutoka sura ya 5 tunasoma juu ya matofali ya Misri: kule majani yalishika udongo. Kwetu hapa udongo unashika mmea. Kalasi ya sita, musitupe vipande vile vilivyovunjika. Muviweke karibu na karatasi mpya, na wadogo wenu waone kijiko kizima kilishindwa na gramu ngapi.