Kusoma na Hesabu: Jeni au Mazingira?

Swali: Uwezo wa mtoto wa kusoma na kufanya hesabu hurithiwa, au hujengwa na mazingira?

Jibu: Vyote viwili huchangia. Ushahidi mwingi umetokana na pacha waliozaliwa Uingereza na Wales kati ya 1994 na 1996. Pacha wanaofanana kabisa wana jeni zilezile. Wasiofanana huwiana kama ndugu wa kawaida. Alama za wale wa kwanza zikikaribiana zaidi, urithi una mchango. Uchambuzi wa 2014 ulionyesha kuwa karibu nusu ya jeni zinazoathiri kusoma huathiri hesabu pia. Jeni hizo ni nyingi mno, kila moja na athari ndogo; “jeni ya hesabu” haipo. Na asiyefundishwa herufi hasomi, hata awe na jeni gani. Isitoshe, makadirio ya urithi hupima tofauti ndani ya kundi, si kikomo cha mtoto mmoja.