Tetesi na Taarifa katika Habari za Mbio za Magari

Msimu wa mbio za magari unapofungwa, kurasa za michezo hujaa tetesi. Wasomaji wengi huamini kwamba tetesi ni uongo na taarifa ni kweli. Kigezo hiki ni dhaifu.

Safari Rally, ambayo njia zake zilipita Kajiado, iliondoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, mwaka alioshinda Colin McRae. Ikafuata miaka ya "huenda ikarejea". Septemba 2019 shirikisho la kimataifa, FIA, likaiingiza katika ratiba ya 2020. Hiyo ilikuwa taarifa kamili, yenye mwenyewe; hata hivyo UVIKO-19 uliizuia, ikarejea Juni 2021. Kwa upande wa Formula 1, asubuhi ya tarehe 1 Februari 2024 "ilisemekana" Lewis Hamilton angehamia Ferrari. Kabla ya siku kwisha, Ferrari ikathibitisha.

Tofauti, basi, imo katika msemaji. Kauli ya kutendeka katika "inasemekana" humfuta. "FIA imetangaza" humtaja. Mchuuzi wa Kitengela aliyeagiza bidhaa za watazamaji kwa ajili ya 2020 angepata hasara vilevile, lakini angejua wa kumuuliza.