Safari ya Kwenda Kazini: Swali Linalosahaulika Kliniki

Mwezi Oktoba 2019 Serikali iliziagiza halmashauri zilizokuwa na ofisi nje ya maeneo yao ya utawala zihamie karibu na wananchi wanaozihudumia. Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, iliyokuwa mjini, makao yake sasa yapo Mvuha. Agizo hilo lilikuwa na haki ndani yake, kwa kuwa mkazi wa Matombo au Kisaki hakupaswa kusafiri hadi mjini kufuata mhuri. Hata hivyo, safari haikutoweka. Ilimwangukia mtumishi ambaye nyumba na familia yake vilibaki mjini. Kutoka Bigwa hadi Mvuha, kupitia Matombo, ni takriban kilomita 78. Anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo husafiri zaidi ya kilomita 150.

Makala hii inaeleza namna safari hiyo inavyoweza kuharibu matibabu yaliyo sahihi, na nini kifanyike.

Usingizi

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi. Anayeamka saa 10 alfajiri alipaswa kulala saa 3 usiku, wakati ambao wengi ndio kwanza wanamaliza kula. Upungufu wa usingizi wa muda mrefu huambatana na shinikizo la juu la damu, kisukari na unene. Kwa anayeendesha pikipiki, kusinzia kidogo tu kwaweza kugharimu maisha.

Dawa

Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyepewa dawa ya kuongeza mkojo huimeza asubuhi. Garini hana mahali pa kujisaidia, hivyo huiacha siku za kazi, na pengine hujinyima maji pia. Akipimwa kliniki, shinikizo liko juu. Mhudumu humwongezea dawa ya pili, ilhali ya kwanza haijatumika. Dawa ya namna hii inayomezwa mara moja kwa siku mara nyingi yaweza kuhamishiwa saa nyingine, kwa mfano baada ya kufika kazini, lakini kwa ushauri wa daktari.

Anayetumia insulini asidunge dozi ya chakula kisha akaondoka bila kula. Awe na kitu chenye sukari mfukoni, kwani gari laweza kukwama.

Mama anayenyonyesha

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, kisha muda usiozidi saa 2 kwa siku wa kunyonyesha wakati wa kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Likizo huisha kabla ya nusu ya muda huo, na saa 2 hazimfikishi mama kwa mtoto aliye kilomita 78 mbali. Matiti yasipokamuliwa hujaa na kuuma, na maziwa hupungua.

Mama akamue kila baada ya saa 3 hivi, katika chombo safi chenye kifuniko. Maziwa hukaa hadi saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25. Penye joto zaidi ayaweke ndani ya deli lenye barafu. Mwajiri amtengee chumba cha faragha.

Mhudumu aulize nini?

1. Unaondoka nyumbani saa ngapi, na unarudi saa ngapi?
2. Unasafiri kwa chombo gani, na husimama njiani?
3. Siku za kazi unameza dawa saa ngapi? Na siku za mapumziko?
4. Je, una mtoto anayenyonya?

Maswali haya huchukua dakika chache, nayo yaulizwe kabla ya kuongeza dozi. Nawe mgonjwa, usisubiri kuulizwa. Ukiacha dawa kwa sababu ya safari, sema. Hilo si kosa la kuficha, ni taarifa ambayo daktari anaihitaji. Tiba ya kudumu ni nyumba za watumishi karibu na vituo vyao vya kazi. Hadi zitakapopatikana, tuipange tiba kulingana na safari ya mgonjwa.